Firigisi ya Mzee Idi

Nawaona mnavyopita hapa Mukumu kwenye pikapu, wanangu, kofia nyeupe zimesimama kichwani na sahani zikilia nyuma. Siku hizi mnaitwa keteringi. Sisi tuliitwa "wale wamama wa sufuria", na tulienda kwa miguu, sufuria kichwani, na mvua ikianza tunaigeuza inakuwa mwavuli. Juzi mmoja wenu aliniuliza kama nina siri yoyote ya upishi ninayoweza kumwachia kabla sijafa. Nilimwambia kwanza sina haraka ya kufa, na pili aketi. Akaketi kidogo, simu ikamwita, akaondoka. Basi yale aliyoyakosa ndiyo haya.

Kazi niliiacha kwa sababu ya magoti. Mgongo ulivumilia, macho yalizoea moshi, lakini magoti yalikataa kuinama mbele ya mafiga, na goti likishakataa halibembelezwi. Miaka ya tisini ndiyo ilikuwa miaka yangu. Harusi, matanga, siku ya wazazi shuleni, mchango wa kanisa, kote niliitwa. Nilipika kwetu Malinya, nilipika Butali kwa watu wa miwa, wale wanaokula ugali mpaka sufuria inaomba msamaha, na nilipika Mumias kwa Waislamu. Ukisema Mama Muhonja, watu walijua ni mimi, hata wale ambao hawakumjua Muhonja mwenyewe.

Haya, moja ya bure. Ugali wa watu wengi haupikwi kwa misuli. Maji yachemke mpaka yatukane, unga uingie kidogo kidogo, mwenzako ashike sufuria kwa magunia mabichi, na wewe usimame upande ambao moshi utamkuta yeye kwanza. Kuku wa kienyeji mbabue vinyoya vyake kwa moto wa majani makavu ya mgomba, halafu mchemshe bila hasira. Jogoo mzee hasikii vitisho. Ukiongeza kuni ndipo anapozidi kukaza.

Aliyenifundisha hayo ni dada ya baba yangu, Senje Mmbone. Senje ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu. Mama huyu alipika kuku maisha yake yote na hakuwahi kumwonja hata mmoja. Desturi ya wazee wetu ilikuwa kwamba mwanamke hali kuku, na Senje aliishika mpaka kaburini, ingawa sisi wadogo zake tulikuwa tumeshaitupa na tunatafuna hadi mifupa. Chumvi aliijua kwa kunusa mvuke. Anafumba macho, anavuta pumzi, anasema, "Bado. Ongeza." Kisha ananiita nionje, na kila mara nilikuta amesema kweli. Akiletewa sahani ya kuku kwenye karamu, aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampa aliyekuwa karibu naye. Sikuona mwenye boma hata mmoja akinuna kwa hilo.

Siku moja tulikuwa tukipikia mkutano wa akina mama, akaja dada mmoja kutoka Nairobi, viatu vyake virefu vikizama kwenye matope. Aliposikia kwamba Senje hali kuku, machozi yakamlenga. Akachukua paja, paja zima, akamsogezea mdomoni.

"Kula, mama. Leo uko huru."

Senje alirudi nyuma kama mtoto anayekwepa dawa.

"Mwana wanje," akamwambia, yaani mwanangu, "wewe umeniletea nyama na hujaniletea swali."

"Swali gani, mama?"

"Hata jina langu hujauliza. Mimi nilikatazwanga hii kitu nikiwa mtoto, ndio. Nikalia, ndio. Lakini ni mama yangu alinikataza, na yeye hayuko tena. Nikiacha hii, nitabaki na nini yake?"

Yule dada alishusha paja lake. Senje akamwekea kigogo akakaa, akamwambia ale mwenyewe kabla halijapoa, na akamuuliza jina. Waliachana marafiki, dada amebeba parachichi za Senje kwenye mkoba wake mzuri.

Nawaambia ukweli, mimi siku ile niliwaudhikia wote wawili. Desturi ile niliiona si haki, na hata leo naiona hivyo. Wanaume walijipimia nyama wenyewe. Nilimwambia Senje mara nyingi, na kila mara alinijibu, "Wewe kula. Nani amekushika mkono?" Hatukukubaliana kamwe, na hatukuacha kupika pamoja.

Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, usiwashe moto kabla ya kuuliza: nani atakula, nini hali, na kwa nini. Hilo la kwa nini ndilo watu hulisahau. Ya pili, usiende karamu yoyote bila chungu cha pili, chakula cha pembeni ambacho hakina ugomvi na mtu. Maharagwe, samaki, mboga ya mrenda. Vijana wa leo mnabeba jenereta ya pili. Bebeni na chungu.

Mwaka ambao Senje alistaafu na kuniachia kazi, niliitwa Mumias kwa mara ya kwanza. Aliyeniita ni Bi Mariamu, mke wa Mzee Idi, muuza vitambaa. Alikuwa na wageni wengi, nyama watapika wao, akataka mtu wa ugali na mboga. Mimi nikasema moyoni, hapa lazima nionyeshe heshima. Nikaazima buibui kwa jirani, jirani mwenyewe mrefu kuliko mimi, nikaenda nikiburuta pindo kwenye vumbi. Nilipofika nikawatolea "Asalaam aleikum" watu wote, na nadhani hata mbuzi mmoja. Walipouliza jina nikasema naitwa Bi Amina.

Bi Mariamu alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye pindo.

"Mama Muhonja, umesilimu lini?"

"Bado, Bi Mariamu. Nilitaka tu kuwaheshimu."

"Alhamdulillahi. Basi vua hilo buibui, linaungua."

Kweli, pindo lilikuwa limegusa makaa ya jiko lao la nyama na limeshaanza kutoa moshi. Tulilikanyaga pamoja, yeye akicheka hadi kushika ukuta.

"Ningetaka Bi Amina ningemwita," akaniambia, "anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, na ugali wake ni uji. Nimekuita wewe. Nikitazama nisikuone, nitamheshimu nani?"

Nilibaki na leso yangu ya maua na kitambaa cha kichwa, kama mtu wa kwetu. Kabla ya kuwasha moto mimi huimba ubeti mmoja wa kanisani kwetu, na siku ile niliuimba kwa sauti ya chini nikiogopa. Bi Mariamu alisubiri nimalize ndipo akaleta kiberiti. Tukawa marafiki. Baadaye alinipa sufuria zake tatu nizitunze kwa ajili ya karamu za Waislamu peke yake, nikazifunga uzi wa kijani kwenye masikio zisichanganyike na zangu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipokaribia kuharibu ndoa ya watu.

Kijana wa Bi Mariamu na Mzee Idi, jina lake Rashidi, alipendana na Violeta, binti wa Mzee Shivachi wa hapo Malinya. Mzee Shivachi alikuwa mtu wa fahali wa kupigana, na fahali wake aliitwa Kamishna. Wazazi walikubali, kwa kuguna kidogo kila upande. Ikabaki siku ya watu wa Mumias kuja Malinya kula kwa wakwe zao. Kwetu wakwe wakiondoka bila kukaribishwa kwa kuku, hakuna ndoa. Maneno mengine yote ni mapambo.

Nikapewa jiko. Bi Mariamu alinitumia ujumbe kwamba kwa kuwa mimi ndiye mpishi, wao watakula bila kuuliza. Nikajaa kiburi. Nilijua Muislamu hali kuku ila aliyechinjwa na Muislamu mwenzake, kwa hiyo nikaenda mjini Kakamega, nikaagana na mchinjaji mmoja Muislamu aje alfajiri. Sufuria za uzi wa kijani nikazisugua mpaka nikajiona usoni. Niliwauliza wageni kila kitu, hata kama pilipili inawasumbua. Mtu ambaye sikumuuliza lolote ni mwenye boma. Mzee Shivachi ni mtu wa kwetu, nilisema, namjua. Kumbe wa kwetu ndiye tunayemsahau kumuuliza.

Mchinjaji alifika na baiskeli yake, visu vimefungwa kwa gazeti. Mzee Shivachi akamkuta langoni.

"Nani amekufa hapa?"

"Hakuna mutu amekufa, mzee. Nimeitwa kuchinja."

"Kuchinja kwa boma yangu? Na mimi niko wapi?"

Nilitoka jikoni mbio, lakini nilipofika nilikuta vumbi la baiskeli. Mzee alinitazama kwa jicho ambalo kwa kawaida ni la Kamishna, akaenda nyuma ya nyumba. Jogoo aliyefugwa kwa ajili ya siku hiyo, mwekundu, mkubwa, alikuwa amefungwa kwenye nguzo akiwika bila wasiwasi. Violeta alikuwa jikoni na kisu mkononi, analia na kusingizia vitunguu, ingawa vitunguu vilikuwa vimekwisha tangu jana.

Hapo akaingia Jotham, mjomba wa Violeta, mtu wa suti na ushauri.

"Mama Muhonja, unasumbuka bure. Mzee achinje, wewe upike, tunyamaze. Wakiuliza, sema yule mutu wa baiskeli alichinja. Kuku akishaingia kwa supu, anasemanga nani alimuchinja?"

"Kuku hasemi," nikamwambia. "Mimi je?"

"Ni uongo kidogo tu, wa kusaidia mtoto. Na wao hawatajua."

"Mimi nitajua. Nitasimama pale nikimpa Bi Mariamu sahani, na ninajua. Watu hawa wanakula kwa neno langu, Jotham. Neno langu likiwa chafu, utaniambia nilisugua hizi sufuria kwa nini? Haya, shika mwiko. Mimi naenda nyumbani."

Aliutazama mwiko kama amepewa nyoka. Lakini nami sikwenda nyumbani, maana nilimwona Violeta. Alikuwa ameweka kisu chini, ananitazama mimi, na kwenye macho yale niliona kwamba siku yake yote imekaa juu yangu. Niliogopa sana. Nikajifuta mikono, nikamfuata mzee.

Alikuwa anampiga Kamishna brashi mgongoni. Mzee Shivachi akiudhika humchana fahali.

"Mzee, nimekosa. Nilileta mtu na kisu kwako bila kukuuliza. Sasa nakuuliza. Kwa nini ni lazima wewe?"

Alijibu akiendelea kuchana.

"Mugeni anachinjiwanga na mwenye boma, akiona. Ndio anajua amepokewa, hakuna mubaya itamupata kwangu. Mutu wa nje anaitwanga kuchinja kwa boma ya mujane, kwa sababu mwenyewe hayuko. Wewe unataka wakwe wakuje waone Shivachi amekufa?"

Wanangu, nilikuwa nimepika katika maboma yasiyo na idadi, na hilo sikulijua. Nilidhani ni ukaidi wa mzee na jogoo wake.

"Basi utachinja wewe," nikasema. "Lakini hawatakula hiyo kuku. Na mimi sitawadanganya."

"Wakikataa kuku yangu, wamenitukana."

"Mzee, mama yako anakulanga kuku?"

Mama yake, Mama Khasoa, alikuwa hai, ameketi kivulini mbele ya nyumba, mkongwe wa kizazi cha Senje.

"Hapana. Hajawahi."

"Na ukichinja, anapewanga?"

"Anapewa. Anapokea vizuri, anapatia mutu mwingine."

"Amekutukana miaka hiyo yote?"

Brashi ikasimama. "Mama yangu ni tofauti."

"Tofauti wapi?"

Kamishna akapiga chafya kubwa iliyotulowesha wote wawili.

"Hata yeye amekubali," nikasema, na ndipo mzee alipocheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Wageni nilikwenda kuwapokea njiani, kabla hawajafika langoni. Mzee Idi alikuwa mbele na kofia yake, Bi Mariamu nyuma, Rashidi katikati ya wajomba. Nikawaambia yote nikiwa nimesimama: mchinjaji amefukuzwa, jogoo bado yuko hai, mwenye boma atamchinja mwenyewe kwa sababu ile aliyonipa, na wao wakimpokea kwa mikono miwili wakampa mwingine, inatosha. Nikawaambia pia kwamba nina samaki kutoka sokoni, maharagwe na mrenda, vyote katika sufuria za uzi wa kijani. Chungu cha pili, mnakikumbuka.

Mzee Idi alirekebisha kofia yake.

"Nilipokuwa kijana," akasema, "nililishwa uongo kazini. Nilipomaliza sahani ndipo wakaniambia ni nyama gani, wakacheka wakagaragara chini. Tumbo langu lilisahau siku ile ile. Mimi bado. Leo nimetoka Mumias na hofu hiyo njia nzima, na nimeona haya kumwambia hata mke wangu."

Bi Mariamu alimtazama kama anamwona upya.

"Kwa hiyo mzee mwenzangu hakumfukuza yule mtu kwa sababu anatuona tuna maringo?"

"Hapana, Mzee Idi. Aliogopa mkikuta mtu wa nje na kisu mtamhesabu kama marehemu bomani mwake."

"Subhanallah. Mwambie achinje. Nitasimama nitazame."

Akasimama kweli. Mzee Shivachi alimkamata jogoo, akamwinua wote wamwone, akachinja katikati ya boma lake, mgongo umenyooka. Mzee Idi alikuwa upande mmoja, mikono ameifunga mbele kwa adabu. Nikapika kwenye mioto miwili. Jogoo alinipa shida, nawaambia, alikuwa anachemka huku ananidharau.

Chakula kilipokuwa tayari, niliweka jogoo mzima kwenye sinia, na juu yake firigisi, ambayo kwetu ni ya mgeni mkubwa au mzee mwenye nyumba. Mzee Shivachi alimpelekea Mzee Idi mwenyewe. Mzee Idi akainuka, akapokea kwa mikono miwili.

"Tumepokea," akasema. "Tumekaribishwa na mwenye boma, na tumemwona kwa macho yetu."

Mzee Shivachi alishusha pumzi ambayo nadhani aliishika tangu alfajiri. Wageni wakanawa, wakaanza samaki na ugali, na Violeta akaacha kulia akaanza kugawa mboga. Wakwe wakila, neno limekwisha.

Ikabaki sinia mikononi mwa Mzee Idi. Alimgeukia Mama Khasoa, aliyekuwa ameketi karibu yake. Mama akatikisa kichwa kwa upole. Jotham akanyoosha mkono. Sinia ikampita.

"Nyama hii wagawieni wenyeji," alisema Mzee Idi, "lakini firigisi nampa mpishi. Amenipa usingizi wa leo."

Watu wakageuza shingo. Mwanamke, firigisi, boma la Mzee Shivachi, mbele ya wazee! Mimi kuku nilikuwa nala, lakini firigisi hata kwangu nilimpa mume wangu, kwa mazoea tu. Ningeweza kuikataa kwa kujinyenyekeza, nikawafurahisha wazee, na nikamrudishia mgeni zawadi yake usoni. Ningeweza pia kuitafuna kwa mbwembwe ili wazee wajue wakati umebadilika. Nikamgeukia mwenye boma.

"Mzee, boma ni yako. Mimi ningependa kuila. Wewe unasemaje?"

Alijikuna kidevu. "Leo watu wote waliniambia tu. Ni wewe uliniuliza kwa nini. Kula."

Nikala. Boma zima lilinitazama nikitafuna, na nikatafuna, na nikaendelea kutafuna. Mama Khasoa alijiinua kidogo kwenye kiti chake, akaniinamia.

"Mwana wanje," akauliza, "hiyo kitu inakuwanga namna gani?"

Wazee waliinua vichwa wakingoja niisifu. Lakini siku ile nilikuwa nimeshakataa uongo mmoja, na sikuona sababu ya kuanza na mwingine.

"Ngumu, mama. Kama soli ya kiatu."

Mama Khasoa aliwatazama wanaume wa boma lile mmoja mmoja, kuanzia mwanawe mpaka Jotham na suti yake.

"Na hii ndio mulikuwa munatuficha?"

Mzee Shivachi alicheka hadi akamshika Mzee Idi bega asianguke, na Mzee Idi naye akawa anatafuta pa kushika. Mama Khasoa hakucheka. Alivuta kiti chake upande wa wageni, akanawa mikono, akaomba samaki.